Kinda wa baji ametoka kiotani: mwache babake amlishe

SWALI: Daktari, nafuga jozi moja ya baji, wale kasuku wadogo wa kufugwa, hapa Kisumu, na wameangua makinda wanne. Mkubwa ana siku 31. Juzi alitoka kwenye sanduku la kutagia akaangukia sakafu ya tundu, na mamake anamdonoa kila akisogea. Aliyeniuzia ndege ameniambia niwatoe wote wanne sasa, niwalishe uji wa wimbi na maziwa kwa sirinji, ndipo watakuwa wapole na kumzoea binti yangu. Sirinji nimeshanunua. Nianze na uji mzito au mwepesi?
Baba wa watoto wawili, Kisumu

JIBU: Usianze na wowote, ndugu yangu. Nimejibu swali hili mara nyingi sana hapa Nakuru, na kila mara nyuma yake kuna muuzaji aliyetoa ushauri kisha akaenda zake.

Kinda wako hana tatizo. Baji hutoka kiotani kati ya siku 28 na 35, na kuanguka mara ya kwanza ni kawaida kwa mbawa ambazo hazijawahi kufanya kazi. Tandika magazeti sakafuni, weka kijiti cha kutua karibu na chini, na sahani pana ya mbegu mahali anapoweza kuifikia kwa miguu.

Kosa linalonikera ni hili la kudhani kwamba kinda aliyetoka kiotani ameshamalizana na wazazi. Hajamalizana nao. Kwa wiki moja au zaidi baada ya kutoka, babake ndiye mlishaji mkuu. Keti mbele ya tundu asubuhi utamwona dume akitikisa kichwa juu chini, chakula kikipanda, kisha akashika mdomo wa kinda na kukimimina ndani. Baada ya hapo kinda humfuata babake sahanini na kuiga. Ataokota punje, aizungushe kwa ulimi, aidondoshe nzima. Watu wakiona hivyo husema, "Anakula!" Anacheza tu. Amekula pale ganda linapopasuka na kudondoka peke yake. Pulizia sahani jioni uone kama kuna maganda matupu, kisha mshike taratibu na uguse chini ya shingo. Kifuko chake cha chakula kikiwa kimejaa, utahisi kama kijimfuko cha mchanga chini ya kidole. Wengi huweza kujitegemea wakikaribia wiki 6.

Sasa huo uji. Ndege hawana kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, kwa hiyo maziwa huishia kuwa kinyesi cha majimaji. Wimbi peke yake ni wanga mwingi na protini kidogo kwa ndege anayejenga manyoya. Lakini hata ungepata chakula sahihi cha makinda ya kasuku, joto lake linapaswa kuwa nyuzi 39 hadi 41. Kikipoa, kinakaa kifukoni na kuchacha. Kikizidi moto, kinaunguza. Nani kati yetu ana kipimajoto jikoni? Tunaonja kwa mdomo, na midomo yetu imezoea chai iliyotoka motoni sasa hivi.

Niliwahi kuletewa kinda wa kijani ndani ya sanduku la viatu. Mwenyewe alisema anakula vizuri ila hashibi. Nilipopuliza manyoya ya kifuani niliona kigaga cheusi, na pembeni yake tundu la ukubwa wa punje ya dengu. Uji wa asubuhi ulikuwa ukitokea hapo, umegandisha manyoya hadi tumboni. Ngozi ile ikiungua haionekani siku hiyo, hutoboka siku kadhaa baadaye, wakati mtu ameshasahau kikombe kilichokuwa na moto. Na huyo angalau alifika kwangu. Wale ambao uji umewaingia mapafuni huhema mkia ukipanda na kushuka, na wengi hufa kabla ya kuonwa na yeyote.

Kulisha kwa mkono kuna wakati wake: wazazi wamekufa, au wamewakataa makinda na vifuko viko vitupu tangu asubuhi. Hapo nenda kwa daktari wa mifugo akuonyeshe kwa macho yako. Wako wana baba na mama.

Kuhusu mama kudonoa, mwangalie kinda kichwani na mgongoni. Kama ni kufukuzwa tu, mwekee kikasha kidogo cha kujificha sakafuni. Kama kuna damu au manyoya yameng'olewa, mhamishe kinda pamoja na babake kwenye tundu jingine, na mama abaki na wale watatu. Kwa umri wao anaweza kuwalisha peke yake, ila wapime vifuko kila jioni. Mara nyingi jike hufanya ukali huu kwa sababu anataka kutaga tena. Kinda wa mwisho akitoka, ondoa sanduku siku hiyo hiyo umpumzishe.

Binti yako atapata ndege mpole bila sirinji. Makinda wakishakula wenyewe, aingize mkono tunduni na shuke la uwele, dakika kumi kila siku, atulie. Asiwape avokado hata kidogo, ni sumu kwao, na tundu lisikae karibu na jiko la makaa.

Niseme pia na wanaonunua. Kuna wauzaji wanaotoa makinda kiotani wakiwa na wiki 4 ili waanze uzazi mwingine haraka, wakikwambia "mdogo ndiye anayezoea". Kinda akizubaa nyumbani kwako wanakuuzia unga wa antibiotiki ya kuku uchanganye kwenye maji, wakati ndege ana njaa tu na hakuna dawa ya njaa ndani ya pakiti ile. Mistari inayoshuka kipajini hadi juu ya mdomo inakuonyesha kwamba ndege bado mchanga, hajafika miezi 4 hivi. Haikuonyeshi kama anajua kula. Mwambie muuzaji aweke mbegu mbele yake, na usitoe pesa mpaka umeona ganda likidondoka. Akikataa kusubiri, mwache na ndege wake.