InDesign inajifunga yenyewe kwenye kitabu kirefu: maswali yenu na majibu

Jamani maswali yamekuwa mengi na karibu yote yanafanana, mtu ana kitabu cha kurasa 300 au 400 kwenye InDesign, ile programu ya kupanga kurasa za vitabu, programu inaganda au inajifunga yenyewe, na mwenye kazi anapiga simu anataka PDF leo leo. Nimechukua matano. Kabla sijaanza naomba mkamate kitu kimoja: programu ikizima kwenye kazi ndefu mara nyingi siyo kitabu kizima kinachoumwa, ni sehemu moja tu, picha moja, fonti moja, ukurasa mmoja, kwa hiyo itafute hiyo sehemu kwanza kabla hujakimbilia kupiga Windows upya.

Fundi, nina kitabu kurasa 386 kwenye InDesign. Kupanga napanga vizuri, ila nikitoa PDF inafika katikati inajifunga bila kusema chochote. Nimejaribu mara sita. Laptop ina RAM 8. (Msomaji, Morogoro)

Acha kutoa kurasa zote kwa mpigo ndugu yangu, hata ukijaribu mara ya saba majibu ni yale yale. Gawa nusu. Pale kwenye dirisha la kutoa PDF kuna sehemu ya kuandika kurasa unazotaka, andika 1-193. Ikitoka salama basi nusu hiyo ni nzima, mgonjwa yuko 194 mpaka 386, nayo igawe nusu tena, na tena, hivyo hivyo. Kwa kurasa 386 huwezi kuzidi mara tisa kabla hujaushika ukurasa wenyewe.

Mwaka jana nilikuwa na ripoti ya kurasa 312 ilinigomea hivi hivi, saa nne usiku, asubuhi inatakiwa kwa mchapaji. Nikagawa, nikagawa, nikaishia ukurasa wa 187. Ukurasa wa kawaida kabisa, jedwali moja na nembo ndogo chini kulia, upana wake kama kucha ya kidole gumba. Nikaifungua ile nembo kwenye Illustrator, programu ya michoro, nikaivuta karibu, kumbe mtu alichukua picha ya kamera akaigeuza kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari na maumbo, kwa kubofya kitufe kimoja, imejaa vipande vidogo vidogo kama punje za mchanga, kila kimoja na rangi yake, na kila kimoja InDesign inatakiwa ikichore. Nikatoa nembo ile, nikaweka ya TIFF, picha ya kawaida ya pikseli, kurasa zote 312 zikatoka.

Kwa hiyo ukishaupata ukurasa toa picha moja moja huku unajaribu. Kama hauna picha, shuku fonti, badilisha maandishi ya ukurasa huo yawe fonti iliyokuja na Windows uone. Nusu zote mbili zikigoma, basi mgonjwa yuko pande zote, na hapo huwa ni fonti au kitu kilichokaa kwenye ukurasa mama kinachojirudia kila mahali. Na nusu zote zikitoka vizuri ila kitabu kizima ndiyo kinagoma, hapo sasa angalia RAM na nafasi kwenye diski C, maana programu inaandika faili za muda huko na C ikijaa inakosa pa kushika. Toa vipande viwili, uviunganishe baadaye, mteja hatajua tofauti.

Shikamoo. Umeme ulikatika nikiwa kazini, sasa kila nikifungua faili linazima kabla sijagusa kitu. Ni kazi ya miezi miwili, nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, na pole sana, najua tumbo linavyouma mtu akiona hivyo. Kwanza usiendelee kulifungua fungua. Chukua faili kama lilivyo, nakili mara mbili, moja weka mbali kabisa, fanyia majaribio ile nyingine.

Halafu fungua InDesign yenyewe bila faili lolote. Ikizima hapo hapo, ugonjwa uko kwenye seti za programu na kazi yako haina neno. Iwashe tena, na mara tu inapoanza kufunguka shikilia Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja, itakuuliza kama ufute seti za zamani, kubali. Utapoteza mipangilio ya menyu uliyozoea basi, kitabu hakiguswi.

Ikifunguka vizuri inaweza kukuletea yenyewe toleo ililookoa, utaona neno Recovered kwenye jina pale juu. Usianze kupanga. Lisevu hapo hapo kwa jina jipya. Kisha lisevu tena kama IDML, aina nyingine ya faili ambayo InDesign inaitoa, funga, ufungue ile IDML. Hii kitu imeokoa kazi nyingi sana, kwa sababu IDML haibebi mwili wa faili la zamani, inabeba maelezo ya kilichomo, na InDesign ikiifungua inajenga kitabu upya kutoka chini, uchafu mwingi unabaki nyuma. Pitia kurasa zote baada ya hapo, mistari inaweza kuhama kidogo. Kama kwako halifunguki kabisa, mpelekee mwenzako mwenye toleo jipya zaidi akutolee IDML.

Na ukiambiwa faili linatumika na mtu mwingine wakati uko peke yako, tazama kwenye folda ile ile, kuna kafaili kadogo kanaishia na .idlk, hako ni kufuli lililobaki umeme ulipokatika. Funga InDesign, kafute.

Swali ambalo hukuuliza ila nalijibu: nunua UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Hata ile ndogo, dakika tano zinatosha kusevu na kuzima kwa amani.

Sasa fundi, napanga magazine ya kurasa 120 tu lakini faili imefika giga mbili na kila nikiscroll inahang. Shida ni mashine? (Msomaji, Nakuru)

Sidhani. Mtu akiniambia giga mbili kwa kurasa 120 namuuliza picha umeziingiza vipi. Ukikopi picha mahali ukaja kuipesti inaingia ndani ya faili na kukaa humo nzima nzima. Tumia Ctrl+D, uichague kutoka kwenye folda, hapo InDesign inaweka kivuli chake tu na linki ya kuonyesha picha halisi iko wapi. Ila usije ukahamisha folda.

Halafu ukubwa wa picha zenyewe. Simu za siku hizi zinapiga megapikseli 48, yaani pikseli 8000 kwa 6000, ikifunguliwa kwenye RAM hiyo ni karibu megabaiti 144 kwa picha moja. Wewe unaenda kuiweka kwenye kisanduku cha sentimita 6, ambacho kwa kuchapa dpi 300 kinahitaji upana wa pikseli kama 710 tu. Zidisha hiyo kwa picha 80 uone unachoibebesha laptop. Punguza kwanza kwenye Photoshop au GIMP, ndiyo uingize.

Kingine, kusevu kwa kawaida kunaongeza tu juu ya yaliyokuwepo, faili linanenepa hata ukiwa umefuta vitu. Kila jioni fanya Save As kwa jina jipya, utaona lilivyopungua, na hapo hapo umepata bakapu ya siku ile. Zima na ile preflight inayokagua makosa muda wote pale chini, utaiwasha ukimaliza.

Nigawe kitabu sura sura au niache faili moja? (Msomaji, Mbeya)

Gawa. Mimi kikipita kurasa 150 sijiulizi. Maandishi yakiwa mnyororo mmoja toka ukurasa wa 1 mpaka wa 400, ukiongeza neno ukurasa wa 3 programu inaweza kulazimika kuyapanga upya yote yanayofuata. Tengeneza Book, lile faili la .indb, uingize sura zako, namba za kurasa zinaendelea zenyewe na staili unazilinganisha kutoka sura moja unayoichagua kuwa kiongozi. Sura moja ikiharibika, zilizobaki ziko salama.

Natumia Publisher, kitabu cha dua, Kiswahili na Kiarabu, kurasa 210, kinazima kila siku. Hela ya InDesign sina. (Msomaji, Unguja)

Publisher kwa kazi hiyo unaionea, ilitengenezwa kwa vipeperushi na kadi. Na Microsoft walishatangaza kwamba wanaacha kuihudumia Oktoba 2026, kwa hiyo kwa vyovyote toa PDF za kazi zako za zamani mapema wakati bado zinafunguka. Jaribu Scribus, programu ya kupanga kurasa kama InDesign, ni ya bure, lakini chukua 1.6 kuendelea, zile za 1.4 Kiarabu herufi haziungani. Nayo haipendi mnyororo mrefu wa maandishi, inakuwa nzito mno, basi kila sura faili lake, na kuhariri maneno fanya ndani ya dirisha lake la kuandikia, usiandikie juu ya ukurasa. Faili lisikae kwenye fleshi, lilete kwenye diski ya kompyuta ndiyo ulifungue. Anza na sura moja yenye Kiarabu kingi kuliko zote, itoe PDF, mpe mtu anayesoma vizuri aangalie irabu zimekaa mahali pake, zikiwa sawa ndiyo uhamishe zilizobaki.