Mwenyekiti aliyehamishiwa kwa mahasimu

SWALI: Nimesoma kwamba mwaka 1967 mwenyekiti wa ITA, mamlaka ya televisheni ya biashara Uingereza, alipelekwa kuwa mwenyekiti wa BBC. Alikuwa nani? Na je, mwenyekiti wa BBC aliweza kuzuia kipindi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni Charles Hill, daktari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijulikana kama Daktari wa Redio: asubuhi alizungumzia tumbo na choo bila kuona haya, na plamu kavu akaziita wafanyakazi wa koti jeusi, kwa rangi yake na kazi yake tumboni. Mwaka 1950 akawa mbunge wa Luton. 1955 akawa waziri wa posta, ambaye enzi hizo ndiye aliyesimamia utangazaji.

Julai 1955 aliigeuza kuwa amri rasmi kanuni ya siku 14: jambo litakalojadiliwa bungeni ndani ya wiki mbili lisijadiliwe hewani. Ubaya wake ni kwamba siku hizo ndizo wananchi wanapotaka kulielewa jambo hilo. Mgogoro wa Suez wa 1956 uliianika wazi, na Desemba ikasimamishwa. Kwa upande mwingine, ni yeye aliyeridhia kufutwa kwa saa ya ukimya, saa 12 hadi 1 jioni, ambapo televisheni haikurusha kipindi ili watoto walazwe. Ilikoma Februari 1957, na kampuni za biashara, zilizokuwa zikikosa matangazo saa hiyo, zikapumua.

Waziri mkuu Macmillan alimtoa serikalini 1962. Mwaka uliofuata akashika ITA. Katika ugawaji wa mikataba ya kampuni za televisheni ya biashara wa 1967, kampuni ya TWW ilipoteza eneo lake na Rediffusion ikalazimika kuungana na ABC, ikazaliwa kampuni ya Thames. Normanbrook, mwenyekiti wa BBC, alipofariki Juni, Harold Wilson, waziri mkuu wa wakati huo, akamteua Hill.

Sasa uwezo wake. Peke yake, hapana. Kisheria BBC ilikuwa ni bodi ya magavana. Vipindi vya kila siku viliendeshwa na mkurugenzi mkuu. Bodi iliweza kuzuia kipindi, lakini desturi ilikuwa kutokitazama kabla hakijarushwa, na tunaona desturi hiyo ilikuwa na busara: gavana aliyekipitisha hawezi tena kuamua malalamiko juu yake bila upendeleo. Mwaka 1971 Wilson, ambaye sasa alikuwa kiongozi wa upinzani, alikasirishwa na swali kuhusu kipato cha kitabu chake katika kipindi cha BBC, Yesterday's Men. Magavana wakakitazama kabla, swali likakatwa, kipindi kikarushwa, na lawama zikawafuata wao wenyewe. Mwaka huohuo BBC iliunda tume ya watu watatu wa nje ya kusikiliza malalamiko.