Chui wa Tingatinga kutoka duka la vitu vya zamani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Denmark. Juzi nimenunua kwa bei ya chee, katika duka la vitu vilivyotumika, mchoro wa chui kwenye ubao wa mraba. Pembeni pameandikwa "E.S. Tingatinga". Je, ni wa Edward mwenyewe? Niusafishe kabla ya kuupeleka mnadani?

JIBU: Marahaba. Tafadhali usiusafishe, hata kwa kitambaa chenye maji. Vumbi na moshi uliogandia pale ni sehemu ya ushahidi wako.

Sahihi huwa naiangalia mwisho. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka michache mno, kuanzia 1968 hadi alipouawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972. Baada ya hapo jina lake likawa jina la mtindo mzima, na kazi nyingi za mikono mingine zikaandikwa jina hilo.

Geuza ubao kwanza. Yeye alitumia silingibodi na rangi ya baiskeli. Ubao wa futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, kwa hiyo mraba wa karibu sentimeta 60 unaingia akilini. Mgongo uwe umekolea kwa uzee, na kingo vilevile. Kingo zikiwa nyeupe kuliko mgongo, ubao wa zamani umekatwa karibuni. Mchoro nao utazame: alipenda mnyama mmoja aliyejaza ubao, nyuma yake patupu. Kilimanjaro na makundi ya wanyama ni mambo ya baadaye.

Sasa chukua kioo cha kukuzia uende kwenye sahihi. Rangi hii ikizeeka hukakamaa na kupasuka. Ufa ukikata herufi katikati, herufi zilikuwepo kabla ya ufa. Rangi ya herufi ikiwa imetiririka ndani ya ufa, mtu aliandika jina baadaye, na hapo nakusihi usiuuze kama wa Edward.

Ukipita mtihani huo, bado umethibitisha uzee tu. Mkono wa nani, hilo linahitaji historia ya umiliki. Kuupata Denmark si jambo la kutilia shaka: wanunuzi wake wengi walikuwa wageni waliofanya kazi Dar, na picha ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwombe mwenye duka aifikishie familia iliyouza barua yako. Uliza kama babu au bibi yao aliishi Tanzania, na kama kuna picha ya sebule ya wakati ule yenye chui huyu ukutani. Picha moja kama hiyo naithamini kuliko cheti chochote kilichoandikwa na muuzaji.

Isipopatikana, mwambie dalali wa mnada kwamba ni "mtindo wa Tingatinga". Hilo halimshushi chui wako. Simon Mpata, January Linda, Kasper Tedo na Omari Amonde walijifunza kwa Edward, na inaniuma kila kazi ya mmoja wao inapouzwa kwa jina la mwalimu. Nitumie picha ya mgongo, na ya sahihi kwa karibu, taa ikimulika kutoka ubavuni.