Wadogo zangu mnaoanza kutega mbu, chambo ni wewe

Nyie mliokuja kuanza kazi ya kukusanya mbu huku Bahi, mi nilipoteza usiku mbili nzima kwa ujinga. Nilitega mtego wa harufu nje karibu na majaruba ya mpunga, chambo soksi za nailoni nilizozivaa kutwa, alafu nikavuta kigoda nikakaa hatua tatu pembeni nilinde watoto wasije kuuchezea. Asubuhi mtegoni mbu 4, miguuni kwangu sikuhesabu. Msimamizi alicheka weee, akaniuliza sasa we ulikua unatega nini?

Iko hivi, mbu jike (dume hanyonyi damu, yeye ni maji matamu ya mimea tu) anaanza kukujua ukiwa mbali kwa ile hewa ukaa unayotoa ukipumua, anaifata upepo unakotokea, ikimpotea anayumba kulia kushoto mpaka aidake tena. Pua yake ni antena na vile vipapasio viwili pembeni ya mrija. Akikaribia ndo jasho linaongea sasa, asidi ya laktiki, amonia, na harufu wanazotengeneza bakteria wa ngozi yako hasa miguuni, mwisho joto la mwili. Kwahiyo mambo ya fulani ana damu tamu achaneni nayo, ni harufu yake.

Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha 2010, harufu ya kutengeneza ikikaa kibanda chake inavuta mbu wengi kuliko mtu aliyeko kibanda kingine, ila ukiviweka kibanda kimoja, mtu hazidiwi. Mi na kigoda changu ndo nilikua mtu wa kibanda kimoja. Tega, ondoka.

Mtego wa taa wa ndani ni tofauti, ule unauning'iniza upande wa miguu ya aliyelala kwenye chandarua, yani yeye ndo chambo, so andika chumbani wamelala wangapi. Na ng'ombe pia andika, arabiensis (aina ya mbu wa malaria) anakula mtu na ng'ombe, ukitega jirani na zizi la mzee namba zinabadilika alafu unabaki kushangaa. Pafyumu acha mjini.

Ukifika kwa watu sema mbukwa (salamu ya Kigogo) kwanza, mitego baadae.

Na nyumbani waambieni soksi za chambo hazifuliwi, wife aliziona zinanuka akaziloweka na Omo, nikaanza kuvaa upya.