Usiku wa maigizo mafupi hufia kwenye mapengo

Ujumbe umeingia wiki hii kutoka kwa mwanafunzi wa uongozaji: "Shikamoo mwalimu. Tulikuwa waongozaji wanne, igizo langu likawa la mwisho. Lilipoanza, nusu ya viti vilikuwa vitupu. Hivi watu wa Bagamoyo hawapendi maigizo mazito?"

Marahaba. Watu wa Bagamoyo hawana ugomvi na maigizo mazito. Mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, hicho hicho kilichokuja kuwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mwaka 2007, na hadhira yake imezoea kukaa. Igizo lako hawakulikimbia, maana hawakuwa wameliona. Walichoshwa na mapengo kati ya maigizo yaliyolitangulia.

Piga hesabu. Maigizo manne ya dakika 20 ni dakika 80. Mapumziko 15. Mabadiliko mawili ya jukwaa, dakika mbili mbili, kwa kuwa badiliko la tatu linafanyika wakati wa mapumziko. Jumla 99. Ukianza saa 2:15 usiku, Isha imeshaswaliwa, kabla ya saa 4:00 watu wanatafuta bodaboda. Sasa kila mwongozaji aongeze "dakika tano tu", kila badiliko lichukue dakika kumi, na mgeni rasmi achelewe nusu saa: mnamaliza saa 5:00. Aliyetoka Dar ana zaidi ya kilomita 60 za kurudi. Ataondoka, na ana haki.

Adui wa kwanza ni sofa. Kila mwongozaji kijana anataka sofa lake, kabati lake, mlango wake unaofunguka. Kataeni kwa pamoja. Kubalianeni samani za wote: meza moja, viti vinne, mabenchi mawili, mkeka. Mabenchi mawili yakisogezwa pamoja na mkeka juu ni kitanda. Likiwa moja ni kituo cha daladala. Mwenye mandhari nzito kweli apewe nafasi ya kwanza au ya tatu, kwa sababu jukwaa la kwanza hupangwa kabla watu hawajaingia na la tatu hupangwa wakati wa mapumziko. Lakini nyie mnagombania nafasi ya mwisho, kila mmoja akitaka akumbukwe yeye. Panga kwa samani, acha heshima.

Badiliko lifanyiwe mazoezi kama onyesho. Watu wanne wanatosha, kila mmoja na karatasi yake: anatoa nini, anaingiza nini, anapita upande gani. Rudieni mara tano kwa saa mkononi mpaka mshuke chini ya dakika mbili. Waigizaji wasibebe viti. Mtu aliyekufa dakika moja iliyopita akionekana amekumbatia benchi, kilio chote mlichokijenga kimegeuka kichekesho.

Msizime taa zote. Kwenye giza totoro wasaidizi wanagongana na hadhira inawasha simu. Wekeni taa hafifu ya buluu pembeni. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaweka alama za miguu ya meza kwa tepu za rangi, nyekundu ya igizo hili, kijani ya lile. Chini ya buluu, nyekundu huonekana nyeusi na hupotea kabisa sakafuni. Tumia tepu nyeupe peke yake, utofautishe kwa umbo: L igizo la kwanza, T la pili, X la tatu, mstari mmoja la nne.

Vifaa vya mkononi vikae juu ya meza nyuma ya pazia, iliyotandikwa karatasi. Chora mduara wa kila kifaa na uandike jina ndani: kisu, barua, kikombe. Mduara mtupu kabla ya onyesho unakwambia papo hapo kilichosahauliwa. Na tafadhali, chakula cha kweli kiwe ndizi mbivu au mkate laini. Mwigizaji mwenye ubwabwa mdomoni hasikiki, na punje moja ikimpalia, onyesho limekwenda na maji.

Kusikika ni shida yenyewe. Karibu na bahari upepo hubeba sauti, na uwazini hakuna ukuta wa kuirudisha. Usijipime mwenyewe, wala usimpe kazi hiyo rafiki aliyehudhuria mazoezi: anayejua maneno huyasikia hata yasiposemwa. Mkalishe mgeni safu ya nyuma, umwombe asimulie alichosikia. Mara nyingi kinachopotea ni mwisho wa sentensi, ambapo mwigizaji ameshaishiwa pumzi, na ile "h" ya "hatakuja". Ikimezwa, msaliti amegeuka mkombozi. Jenereta nalo lisikae nyuma ya jukwaa. Nunueni waya mrefu, liende upande ambao upepo unaelekea.

Umeme ukikatika, mwigizaji asisimame kuuliza. Mbele ya jukwaa kuwe na taa mbili za kuchaji zilizojaa, na msaidizi mmoja kila upande ambaye kazi yake pekee ni kuziwasha. Igizo linaendelea hapo hapo kwa mwanga huo hadi mwisho wake, hata umeme ukirudi. Fundi taa akishtuka na kuwasha kila kitu ghafla katikati ya mazungumzo, atawapofusha wote walioko jukwaani.