Mabawa ya kuku kwa meza ya watu wengi: maswali na majibu

Tutakuwa watu 14. Tuagize mabawa mangapi?

Kama kuna chipsi na saladi, vipande 8 kwa kila mtu mzima vinatosha, yaani 112. Bila vya kusindikizia, hesabuni 10 hadi 12. Lakini kwanza muulizeni mhudumu wanahesabu nini. Bawa zima lina sehemu tatu: ya begani yenye mfupa mmoja, ya katikati yenye mifupa miwili myembamba, na ncha, ambayo mara nyingi hukatwa jikoni. Mahali pengi huhesabu vipande. Mkiagiza 112, wanaohesabu mabawa mazima watawaletea vipande 224, na hapo mtatazamana. Yale "yasiyo na mfupa" kwa kawaida si mabawa hata kidogo, ni minofu ya kidari iliyopakwa unga. Ni nyama tupu, basi punguzeni idadi.

Kwa nini wengine humaliza kula wakati wenzao bado wanasubiri?

Kwa sababu ya kikaangio. Mabawa mabichi huhitaji kama dakika 10 hadi 12 katika mafuta ya nyuzi 180 hadi 190 za Selsiasi. Kikapu kikishindiliwa, mafuta hupoa na ngozi hutoka laini, imenyonya mafuta. Mpishi anayejua kazi yake hukaanga kwa mafungu, na 112 si fungu moja. Msimwombe alete vyote kwa pamoja, maana fungu la kwanza litalowa sosi likisubiri la mwisho. Agizeni sinia za pamoja badala ya sahani ya kila mtu, zije kadiri zinavyoiva, ya kwanza iwekwe katikati ya meza. Na pigeni simu siku moja kabla, mtaje idadi na saa.

Nusu yetu hawali pilipili, na mmoja ana mzio wa ngano.

Nusu ya oda iwe bila sosi, sosi kali ije kwenye vibakuli. Aliyeungua mdomo apewe maziwa au mtindi. Kinachowasha kwenye pilipili huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Sosi ya mtindo wa Buffalo, uliozaliwa katika mji huo wa Marekani mwaka 1964, ina siagi, kwa hiyo asiyetumia maziwa aambiwe mapema.

Kwa mzio wa ngano, swali la kuuliza si "mna unga?" bali "mafuta haya yamekaanga nini kingine?" Bawa lisilo na unga likipita kwenye mafuta ya vipande vyenye unga, halimfai tena.

Bili tugawane vipi?

Mwambieni mhudumu kabla ya kuagiza. Sinia mgawane sawa, vinywaji kila mtu na chake. Kagueni pia kama ada ya huduma imeshajumlishwa. Kwa makundi makubwa hutokea.

Yaliyobaki?

Yasikae mezani zaidi ya saa mbili. Yafungeni kifuniko kikiwa wazi kidogo, mvuke utoke. Nyumbani yapasheni kwenye oveni ya nyuzi 200 hadi yawe moto mpaka mfupani. Maikrowevu hulainisha ngozi.