Jibu: Doom ya Switch ilistahili sifa?

Umeuliza kama Doom, mchezo wa kupiga risasi, katika toleo lake la mashine ya michezo ya Nintendo Switch (2017), ilisifiwa kwa haki. Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Panic Button, studio iliyoihamishia Switch, waliishusha kutoka fremu (picha zinazoonyeshwa) 60 kwa sekunde hadi 30, na ukali wa picha hupungua wenyewe mapambano yakipamba moto. Ndiyo maana kuna ukungu, unaoonekana zaidi kwenye televisheni. Wakosoaji walilisema hilo, na kukosekana kwa SnapMap (zana ya kujitengenezea ramani) pia, ila kampeni nzima kuchezeka mkononi iliwashangaza. Kulenga kwa vijiti vifupi vya Joy-Con, vidhibiti vidogo vya Switch, ni kazi kwelikweli! Sasisho la 2018 lilileta kulenga kwa kuinamisha kifaa: washa kulenga huko kwenye mipangilio, anza na wepesi mdogo wa kuitikia mwendo. Ukinunua mchezo kwenye kadi, sehemu ya kucheza mtandaoni na wengine hupakuliwa kando, kwa hiyo andaa kadi ya microSD ya kuongeza nafasi.